Nywele timtim: mambo manne yenye sura moja

Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu unyevu wa hewa, na humo akaeleza chombo alichokibuni cha kuupima. Moyo wa chombo hicho ulikuwa unywele wa binadamu. Aliuchemsha kwanza katika maji ya magadi ili kuutoa mafuta, kisha akaufunga ncha moja, na ncha ya pili akaiunganisha na mshale. Hewa ikiwa na unyevu, unywele unarefuka. Hewa ikikauka, unafupika, na mshale unasogea. Tofauti yote, kutoka hewa kavu kabisa hadi hewa iliyoshiba maji, ni kama asilimia 2 tu ya urefu, lakini inasomeka vizuri kiasi kwamba vituo vya hali ya hewa viliendelea kutumia vipimo vya nywele hadi karne ya 20.

Naanza na chombo hicho kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo matangazo ya bidhaa za nywele hayalisemi: unywele wenye afya nao hunyonya unyevu na kubadilika umbo. Watu wengi wamekua wakiambiwa nywele zao ni korofi, hazisikii, hazishiki, nao wamemwaga fedha kwenye mafuta na krimu na dawa wakitafuta kuzitiisha. Ninaowahurumia zaidi ni wale wanaofuata kila ushauri kwa bidii halafu nywele zinazidi kutimka. Mara nyingi wamepewa tiba ya tatizo wasilokuwa nalo.

Tunapoona nywele timtim tunaona matokeo tu: unywele mmojammoja umekataa kulala sambamba na wenzake, kichwa kikakosa mstari na mng'ao. Kinachoutoa unywele kwenye mstari kinaweza kuwa unyevu wa hewani unaoingia ndani yake. Kinaweza kuwa urefu wake, yaani umekatika au ndio kwanza unaota. Kinaweza kuwa mkunjo wake wa asili uliovurugwa na kitana au taulo. Au kinaweza kuwa umeme tuli. Kwa mbali yote manne yanafanana. Kwa karibu hayafanani hata kidogo, na tiba ya moja huweza kuwa sumu ya jingine.

Kilichomo ndani ya unywele mmoja

Unywele una unene wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, lakini ndani yake kuna sehemu mbili za kuzijua. Ndani umejaa nyuzinyuzi za protini iitwayo keratini, na hizi ndizo zinazoupa nguvu na umbo. Nje umefunikwa na magamba bapa, tabaka 5 hadi 10, yaliyolaliana huku kingo zake zikielekea nchani. Huhitaji hadubini kuyatambua. Chukua unywele mmoja mrefu uliodondoka, ubane kwa vidole viwili, uvute kutoka upande wa shina kwenda nchani: unateleza. Sasa uvute kinyume, kutoka nchani kurudi shinani. Utahisi ukinzani, na ukitega sikio utasikia mkwaruzo mdogo. Hapo vidole vinakwenda kinyume cha kingo za magamba. Hicho ndicho unachokifanya kwenye kichwa kizima unapokaushia nywele kwa kuzisugua na taulo.

Juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba sana wa mafuta, ambao haukupakwa wala haukutoka kwenye ngozi. Umeshikamana na magamba kikemia tangu unywele ulipoumbwa, na ndio unaoyafukuza maji. Unywele mpya karibu na ngozi ya kichwa unao wote. Bilichi, rangi za kudumu na dawa za kunyoosha huung'oa, na jua pamoja na kuosha kwingi huumaliza polepole. Ukishatoka haurudi, kwa sababu unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujijenga upya. Kumbuka pia kwamba nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mwenye nywele za sentimita 30 anabeba nchani unywele wa umri wa zaidi ya miaka miwili, uliokwisha kuoshwa, kuchanwa na kuanikwa juani mara nyingi mno. Ndiyo maana shina la unywele huweza kutulia huku ncha zikitimka, na ndiyo maana mafuta na kondishena nyingi zinahitajika nchani, si kichwani.

Umbo la unywele linashikiliwa na vifungo vya kikemia kati ya nyuzi za keratini. Vifungo vya salfa ni vigumu; ndivyo vinavyoamua unywele uwe wa singa, wa mawimbi au wa kipilipili, na havivunjwi na maji. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi sana. Maji yakiingia vinaachia, unywele ukikauka vinajifunga tena kwa umbo lolote ambalo unywele upo wakati huo. Nywele zilizolowa zikasukwa, kisha zikakauka, hubaki na mawimbi kwa sababu hiyo. Na nywele zilizonyooshwa kwa pasi hurudi kujikunja zikikutana na ukungu kwa sababu hiyohiyo.

Unyevu unapoingia

Hewa yenye unyevu mwingi imejaa chembe za maji, na unywele huzinyonya hadi karibu theluthi moja ya uzito wake. Ukinyonya hivyo unanenepa, na kwa kuwa haunenepi sawa kila upande, unapinda. Vifungo vya haidrojeni navyo vinafunguka na kujifunga upya huku na kule bila mpango. Unywele mmoja unapinda kulia, jirani yake unapinda juu, na baada ya nusu saa nje kichwa kimevimba.

Unywele ambao utando wake wa mafuta upo na magamba yake yamelala hunyonya polepole na kwa usawa. Uliochakaa hunyonya haraka, tena mahali hapa zaidi ya pale, kwa hiyo hutimka zaidi. Tatizo hili utalitambua kwa tabia yake: nywele zinatulia ndani ya nyumba na kuvimba ukitoka nje, au zinatulia msimu mmoja na kukukatisha tamaa msimu mwingine.

Kazi hapa ni kurudisha mfano wa ule utando uliopotea, na mfanyakazi mkuu ni kondishena. Sehemu za unywele zilizoharibika zina chaji hasi ya umeme. Kondishena ina viambato vyenye chaji chanya, kama behentrimonium chloride au cetrimonium chloride, ambavyo huenda kushika palepale penye uharibifu zaidi. Ukisoma lebo ukakuta cetyl alcohol au cetearyl alcohol usiogope neno hilo la pili. Hizo ni alkoholi za mafuta, nzito na laini, wala hazina uhusiano na zile nyepesi zinazokausha, ambazo kwenye lebo huandikwa alcohol denat.

Silikoni, kwa maoni yangu, zimesingiziwa mengi. Dimethicone na amodimethicone hutandaza utando mwembamba unaopunguza msuguano na kuchelewesha unyevu, na kwa nywele zilizopigwa bilichi sijui kitu kingine kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko hizo. Kweli zinaweza kurundikana zikaufanya unywele uwe mzito na butu, hasa kwa mtu anayeosha kwa kondishena peke yake. Shampuu ya kawaida mara mojamoja inaziondoa. Hakuna sababu ya kuzikimbia kama moto.

Gliserini ndiyo inayowachanganya wengi. Ni kiambato kinachovuta maji, na katika hewa ya wastani huufanya unywele uwe laini. Hewa ikijaa unyevu, gliserini nyingi huendelea kuvuta maji na kuyapeleka kwenye unywele, na unapata timtim uliyokuwa unaikimbia. Krimu ileile iliyokufaa miezi ya ukavu inaweza kukuangusha miezi ya mvua, ilhali haijaharibika. Ikiwa glycerin imeandikwa mwanzomwanzo wa orodha ya viambato, iweke kando hadi hewa ibadilike.

Mafuta nayo yana mahali pake, lakini si pale watu wengi wanapoyaweka. Mafuta hayana maji ndani yake. Ukiyapaka kwenye nywele zilizokauka zitang'aa, lakini ukavu wa ndani utabaki palepale. Yapake juu ya nywele zenye unyevu na kondishena, yapate kitu cha kufunika. Mafuta ya nazi yana sifa ya pekee: asidi yake ya lauri ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba yanapunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakulifanya. Yapake kabla ya kuosha, saa kadhaa au usiku kucha, si baada.

Shampuu, sabuni na ndimu

Magamba hukaa yamelala vizuri katika mazingira yenye asidi kidogo. Katika mazingira ya alkali unywele huvimba, magamba huinuka na msuguano kati ya unywele na unywele huongezeka. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha asidi na alkali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ya 9 hadi 10, na magadi ya kuokea hayako mbali na hapo. Ukikutana na ushauri wa kuoshea nywele magadi ili ziwe safi kabisa, uache. Uchunguzi wa Brazili uliochapishwa mwaka 2014 ulipima shampuu 123 na kukuta pH kuanzia 3.5 hadi 9.0, kwa hiyo hata neno shampuu kwenye chupa halikuhakikishii kitu. Waandishi wake walipendekeza pH isiyozidi 5.5, na kampuni nyingine huandika kiwango hicho kwenye chupa.

Siki au maji ya ndimu baada ya kuosha husaidia kwa sababu ya asidi hiyo, hasa kwa anayetumia maji magumu yenye chokaa, ambayo huacha madini juu ya unywele na kuukwaruzisha. Lakini siki ni kali sana ikiwa haijazimuliwa. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji vinatosha, na usuuze baadaye. Kondishena nzuri hufanya kazi hiyo bila harufu, kwa hiyo mwenye kondishena nzuri hana haja ya siki.

Nywele fupi zinazosimama

Simama mahali penye mwanga nyuma yako utazame nywele zinazotoka nje ya mstari. Kama ni nywele fupifupi zilizonyooka juu ya utosi au kuzunguka paji la uso, acha habari za unyevu. Ng'oa mojawapo, iweke juu ya karatasi, na uitazame ncha. Unywele mchanga una ncha iliyochongoka, inayopungua unene hadi kuisha. Unywele uliokatika una ncha butu, au imepasuka na kuchanua nyuzi mbili tatu.

Nywele changa ni habari njema. Kichwa cha wastani kina nywele zipatazo 100,000 na hupoteza 50 hadi 100 kila siku, na kila inayodondoka huacha tundu litakaloota nyingine. Hivyo wakati wote kuna maelfu ya nywele zilizo katika urefu wa sentimita mbili, tano, nane. Hakuna kichwa kisicho nazo, na picha zinazoonyesha kichwa laini kama kioo zimepita kwanza kwenye jeli na mara nyingi kwenye kompyuta. Wanawake waliojifungua huziona zaidi. Nywele nyingi hudondoka kama miezi mitatu baada ya kujifungua, kisha zinaota upya zote kwa pamoja, na kwa miezi mingi paji la uso linakuwa na ukingo wa nywele zinazosimama. Tiba yake ni muda, na jeli kidogo kwa anayetaka.

Nywele zilizokatika ni hadithi nyingine, na hapa kuna mtego mmoja unaoniumiza kila ninapouona. Mtu ana nywele zinazotimka pembeni mwa paji. Anazivuta nyuma na kuzibana kwa nguvu, anazilaza kwa jeli na brashi ngumu, kila siku. Mvuto huo unazikata na baadaye unaumiza mizizi yenyewe. Zinazokatika zinasimama zaidi, basi anabana zaidi. Mwisho wake ni upara wa kingo, na ukikomaa nywele hazirudi tena. Kama msuko au kibanio kinauma, kimebana kupita kiasi. Kulegeza ndiyo tiba, ijapokuwa kwa wiki chache za mwanzo kichwa kitaonekana kibaya kuliko kabla.

Ncha zilizopasuka hazigandishwi na bidhaa yoyote. Bidhaa inaweza kuzibana pamoja hadi utakapoosha, basi. Mkasi ndio unaozimaliza, na asiyezipunguza ataona mpasuko ukipanda juu ya unywele.

Mkunjo uliovurugwa

Hili ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote, na ndilo ninaloomba lisomwe polepole.

Nywele za mawimbi na za kipilipili hazikai peke yake. Zinajikusanya katika makundi ya mizunguko, kila kundi likifuata mkunjo mmoja. Kundi likiwa zima unaona mzunguko wenye mstari. Ukipitisha brashi kwenye nywele hizo zikiwa kavu, unatenganisha kila unywele na kundi lake, na kwa kuwa kila mmoja una mizunguko yake, haulali tena popote. Kichwa kinafura. Mtu anatazama kioo, anaona nywele timtim, anachukua brashi tena.

Wapo watu wengi wenye mawimbi ya asili ambao hawajui kwamba wanayo, kwa sababu wamezichana kavu tangu utotoni. Jaribio ni rahisi. Osha, weka kondishena, chana kwa vidole au kitana chenye meno mapana zikiwa bado na kondishena, suuza, kisha uziache zikauke zenyewe bila kuguswa. Kama zimekauka zikiwa na mawimbi au mizunguko, hukuwa na nywele mbovu. Ulikuwa na mkunjo uliokuwa unavunjwa kila asubuhi.

Nywele za kipilipili zina mambo ya ziada. Mafuta ya ngozi ya kichwa yanapata shida kushuka kwenye unywele uliojizungusha mara nyingi, kwa hiyo ncha zake hukauka mapema. Kila mahali unywele unapogeuka ni mahali dhaifu, na kuchana kavu hukatia hapohapo. Kwa nywele hizi kuchana zikiwa zimelowa na kondishena ndiyo njia salama. Kwa nywele za singa ushauri unageuka. Unywele uliolowa hurefuka na kukatika kirahisi, kwa hiyo ni bora ukauke kidogo kwanza. Watu huulizana nani ana ushauri sahihi, kumbe kila mmoja anazungumzia nywele zake.

Baada ya kuosha, saa moja ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. Nywele zikiwa bado zinadondosha maji, paka kondishena ya kuacha kichwani, kisha jeli, ukizikusanya kwa viganja kutoka nchani kwenda juu. Jeli ipakwe kwenye nywele zilizolowa chapa, kwa maana kundi limeshajipanga na bado halijaanza kutawanyika. Ukisubiri hadi zikauke nusu, utakuwa unagandisha timtim mahali ilipo. Bonyeza maji ya ziada kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo, kwa kuwa kitambaa cha fulana hakina vinyweleo vya kung'ang'ania magamba. Halafu ondoa mikono. Kila mguso kabla ya kukauka huvunja vifungo vya haidrojeni vinavyojaribu kujifunga. Zikikauka utakuta jeli imefanya ganda gumu na nywele zinakwaruza kama karatasi. Wengi hapa huogopa na kuosha tena. Usioshe. Weka matone mawili ya mafuta viganjani, kamua nywele taratibu kutoka nchani kwenda juu, na ganda litavunjika likiacha mizunguko laini iliyoshikana.

Sharti moja: usidai nywele za kipilipili ziwe na mstari wa nywele za singa. Ujazo ni umbile lake. Zikiwa laini kuzishika, hazikatiki na zinachanika bila maumivu, kufura kwake si kasoro ya kutibiwa. Hata ule mfumo wa kupanga aina za nywele kwa namba na herufi, ulioenezwa kutokana na kazi ya Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, unaeleza umbo la mkunjo tu. Haukwambii unywele wako umechakaa kiasi gani. Wala lile jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji kuona kama utazama au utaelea halikwambii, kwa sababu mafuta kidogo juu yake yanatosha kuufanya uelee. Tazama badala yake nywele zinachukua muda gani kulowa na kukauka.

Umeme tuli

Hili ni fupi. Hewa ikiwa kavu sana, msuguano wa kitana cha plastiki, kofia ya sufu au nguo ya nailoni huzipa nywele chaji ya aina moja, na zenye chaji moja hufukuzana. Utazitambua kwa jinsi zinavyosimama zikiwa zimenyooka na kuufuata mkono wako unapousogeza. Ni kinyume kabisa cha tatizo la unyevu, na hapa kuongeza maji ndiyo dawa: pitisha mikono yenye unyevu kidogo, tumia kondishena ya kuacha kichwani, badilisha kitana cha plastiki kwa cha mbao.

Moto

Yapo maneno mengi kwamba draya ni adui na kukausha kwa hewa ndiyo salama. Ukweli hauko hivyo moja kwa moja. Watafiti wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2011 jaribio la kuosha na kukausha mafungu ya nywele mara 30. Draya iliyoshikwa sentimita 5 kutoka kwenye nywele ilifikisha joto la nyuzi 95 na kuharibu magamba. Iliyoshikwa sentimita 15, ikisogezwasogezwa, ilifikisha nyuzi 47 tu. Na mafungu yaliyoachwa yakauke yenyewe kwa zaidi ya saa mbili yalionekana na uharibifu wa aina nyingine, katika gundi inayoshika seli za unywele, ambao watafiti waliuhusisha na kukaa muda mrefu na maji. Kwa hiyo draya ya vuguvugu, mbali, inayosogea, upepo ukielekea nchani, ni chaguo la heshima kabisa.

Pasi ya nywele ni jambo jingine. Isikutane kamwe na nywele zenye unyevu. Maji yaliyo ndani ya unywele huchemka ghafla na kutengeneza mapovu yanayoonekana kwa hadubini, na mahali penye povu ndipo unywele utakapokatika. Chuma cha kukunjia nywele cha nyuzi 125 kikishikwa dakika moja kwenye unywele wenye unyevu kinatosha kufanya hivyo. Ukisikia mchirizo na kuona mvuke, simama. Kwa nywele kavu mimi singevuka nyuzi 180, na ningepitisha mara moja, si mara tano.

Dawa za kunyoosha

Dawa kali za kunyoosha zina pH ya 12 na zaidi, na huvunja vile vifungo vya salfa moja kwa moja. Mkunjo unaisha, unywele unabaki dhaifu, na ngozi ya kichwa inaweza kuungua. Mwaka 2022 watafiti wa afya wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika miaka 70, ikilinganishwa na asilimia 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, lakini kwangu ni uhusiano mzito wa kutosha kumwambia mtu kabla hajakaa kwenye kiti.

Matibabu yanayouzwa kwa jina la keratini au ya Kibrazili yana hatari yake. Mengi yana fomaldehaidi, wakati mwingine ikijificha kwenye lebo kwa jina la methylene glycol, na pasi ya moto huigeuza kuwa mvuke. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta zaidi mvuke huo ni msusi, anayefanya kazi hiyo siku nzima, mteja baada ya mteja, mara nyingi katika chumba kisicho na dirisha la kutosha. Bidhaa nyingine zimeandikwa kwamba hazina fomaldehaidi lakini zina glyoxylic acid, ambayo nayo huweza kuitoa ikichomwa. Macho yakiwasha na koo likikereketa, toka nje, na umwambie msusi naye atoke.

Usiku, na jinsi ya kujaribu

Foronya ya pamba husugua nywele kwa saa saba au nane kila usiku. Ya satini, au kilemba cha satini, huondoa sehemu kubwa ya msuguano huo, na kwa nywele ndefu msuko mmoja mlegevu unaondoa inayobaki. Kwa mtu asiyetaka kununua bidhaa hata moja, ningeanzia hapa na kwenye kuacha taulo.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja kwa wakati mmoja, na ukipe wiki tatu au nne kabla ya kukihukumu, ukiangalia pia hali ya hewa ya siku hizo. Anayebadilisha shampuu, mafuta na kitana siku moja hatajua kilichomsaidia. Na kama nywele zimegeuka ghafla, zikawa kavu na ngumu kuliko zilivyowahi kuwa, nawe unachoka, unahisi baridi kuliko wenzako na unanenepa bila sababu, hilo si la saluni. Tezi la shingo, yaani thairoidi, likifanya kazi pungufu huleta dalili hizo zote, na kipimo chake ni cha damu.